Kujitegemea kwa Risiti

Tour Divide haina zawadi, haina ada ya kushiriki, wala gari la kumfuata mpanda baiskeli. Huanza kila Juni mjini Banff, Kanada, na kuandama milima ya Rocky kwa takriban kilomita 4,400 hadi Antelope Wells, mpakani mwa Marekani na Mexico. Njiani kuna misitu ya dubu na mbuga kavu za Wyoming ambako mtu huendesha kutwa bila kuona duka. Mwaka 2016 Mwingereza Mike Hall aliimaliza chini ya siku 14. Usingizi, yaelekea, haukuwa kwenye mizigo yake.

Kanuni yake kuu ni kila mtu ajitegemee: abebe vitu vyake, atengeneze baiskeli yake. Kununua chakula au chumba cha kulala ni ruhusa, mradi mshindani mwingine yeyote angeweza kununua pia. Kinachokatazwa ni msaada uliopangwa, kama binamu anayekusubiri njia panda na chapati.

Ukiitazama kanuni hii ukiwa Ntimaru, inaanza kuyumba. Huku Kuria Mashariki, Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, mgeni akifika bomani jioni amechoka, hauziwi ugali. Anapewa, na akitoa pochi anawaudhi wenyeji. Je, huo ni msaada uliopangwa? Hakuna aliyepiga simu, lakini kila mtu alijua utakuwepo. Na kwa kuwa hanyimwi yeyote, unatimiza sharti la usawa kuliko hoteli yoyote ya Montana. Wakili mzuri angelipwa wiki nzima kwa hoja hiyo. Ninachokiona mimi ni kwamba kujitegemea kwa aina hii hupimwa kwa risiti: ukinunua uko huru, ukipewa unatiliwa shaka.

Kujitegemea kusiko na kanuni pia kupo huku: chukua fundi wa baiskeli pale sokoni. Anatumbukiza tyubu kwenye karai la maji, anafuata mapovu hadi kwenye tundu, anakwaruza, anapaka solusheni, anangoja ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Mteja aliyekuja na baiskeli ya Black Mamba amefunga gunia la mahindi kwenye keria kwa blada, zile kanda za tyubu kuukuu. Hana gia, na mteremkoni breki za vyuma husaidiwa na soli ya kandambili. Hakuna aliyempa nambari ya kifuani. Tusimpambe, hata hivyo: angepewa pikipiki leo, Black Mamba ingebaki kwa kuku.

Wenye mbio za huku walichagua njia nyingine. Migration Gravel Race, iliyoanza Juni 2021 katika nchi ya Wamaasai, huchukua siku nne na takriban kilomita 650 za murram, mawe na vumbi, lakini jioni kuna kambi, chakula na hema. Mradi wa Amani unaoziandaa mbio hizo, ulioanzishwa na mwanasheria Mikel Delagrange, ulitaka waendeshaji wa Afrika Mashariki wapimane na wageni nyumbani kwao. Nahodha wa timu ya mradi huo, Mkenya Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za Vermont, Marekani. Hall naye aligongwa na gari Australia, Machi 2017. Huu si mchezo wa mzaha.

Kambi hizo zisichukuliwe kuwa unyonge. Kijana wa Ntimaru akitaka kusimama pale Banff, atahitaji viza, taarifa ya benki, tiketi ya ndege na mtu wa kumkopesha baiskeli. Huo wote ni msaada uliopangwa, tena kwa miezi. Kanuni haiuoni, kwa sababu inaanza kuhesabu kwenye mstari wa kuanzia. Race Around Rwanda, kilomita karibu 1,000 bila gari la msaada, iko karibu zaidi: Mkenya huvuka Uganda na kuingia Rwanda kwa kitambulisho tu, na nauli ni ya basi.