Mradi usiokuwa na hesabu za kuvutia

Leo M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ndiyo inayoiingizia Safaricom ya Kenya mapato makubwa kuliko huduma yake nyingine yoyote. Lakini kama ingepangiwa foleni pamoja na miradi mingine ya Vodafone, kampuni iliyoibuni, huenda isingepata hata senti.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza, alitaka simu iwafikishie huduma za fedha watu wasio na akaunti benki. Kikwazo kilikuwa bajeti. Katika kampuni kubwa mtaji hugombewa, na mradi unaoahidi faida nono na ya haraka ndio unaopita. Wazo la kuanzia, marejesho ya mikopo midogo kwa simu nchini Kenya, lingeshindanaje na upanuzi wa mtandao wenye mamilioni ya wateja?

Njia ilipatikana nje. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada, DFID, ilikuwa na mfuko wa ruzuku kwa kampuni zilizo tayari kuchangia nusu ya gharama. Ulitoa karibu pauni milioni 1. Vodafone nayo ikachangia, sehemu kubwa ikiwa muda wa wafanyakazi wake.

Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, likiwa na mawakala 8 na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wakaja na yao. Wafanyabiashara walilaza mauzo ya siku kwenye simu, kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafungwa. Wasafiri waliweka fedha kwa wakala mmoja, wakazitoa kwa mwingine mwisho wa safari. Wengine walilipana wenyewe kwa wenyewe.

Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo yaliwekwa kando. Wito ukawa kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha, wateja walipita milioni 1.

Hapo ndipo penye somo kwa bodi zetu. Biashara iliyoombewa fedha siyo iliyofanikiwa. Kamati ambayo ingeupima mradi huu kwa makadirio ya faida ingekuwa inapima kitu ambacho hakikuja kutokea. Makadirio yanafaa kwa kazi inayojulikana, kama kubadilisha seva chakavu au kuongeza uwezo wa mfumo uliolemewa. Kwa jambo jipya ni kubahatisha tu, na anayejua kupamba jedwali humshinda mwenye wazo bora.

Kwa hiyo bajeti ya TEHAMA igawanywe mapema katika mafungu matatu: la kuendesha mifumo iliyopo, la kuikuza biashara inayojulikana na la majaribio. Fungu la majaribio liwe dogo, lakini lisiguswe na idara nyingine. Fedha zake zitolewe kwa awamu, na kila awamu ijibu swali moja: tumejifunza nini kwa wateja? Jibu likikosekana, mradi ufungwe, na timu yake isiadhibiwe.

Vodafone ilisaidiwa na walipa kodi wa Uingereza. Kampuni nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hazitabahatika hivyo. Fungu hilo lazima litengwe na bodi zenyewe, kabla foleni ya maombi haijaanza.