NATI ZISIZOONEKANA ZA PIKIPIKI

Katika pikipiki nyingi za BSA na Triumph zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, ambazo baadhi yake zingali zikitembea, nguvu ya injini hufikishwa kwenye klachi kwa mnyororo uliomo ndani ya kasha lenye oili, upande wa kushoto. Nati mbili kubwa zahusika: moja kwenye mhimili wa injini, ya pili katikati ya klachi. Kwa kuwa hazionekani, husahauliwa.

Kila pistoni isukumwapo, mnyororo huvutwa kwa ghafula, na mtikiso huo huilegeza nati isiyokazwa sawasawa. Hapo gurudumu la meno huanza kucheza na kuula mhimili. Mwishowe mnyororo waweza kukatika na kuvunja kasha.

Kinga yake si kukaza kwa nguvu tu, maana nguvu ikizidi huharibu hesi. Kwanza, hesi zisafishwe hata oili yote itoke. Pili, ikiwa nati ina washa ya kukunjwa, iwekwe mpya, kwani chuma kilichokwisha kukunjwa hukatika upesi. Tatu, itiwe tone la gundi ya hesi, aina aliyoibuni Vernon Krieble huko Marekani mwaka 1953, ambayo hugandia mahali pasipo hewa. Nne, nati ikazwe kwa spana yenye kipimo, kama kitabu cha pikipiki kisemavyo.

Mwisho, mnyororo usikazwe mno wala usilegezwe mno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.