Miche ya nyanya na joto la Septemba Kisenge
(Sehemu ya Tatu: Kivuli kisicho giza)

Wiki iliyopita tuliishia pale mbegu inapopasua udongo na kuinua majani yake mawili ya kwanza. Leo nataka tukae na siku zinazofuata hapo, kwa sababu huku kwetu Lualaba hapo ndipo bustani nyingi za Oktoba na Novemba hufia, kabla hata mwenye bustani hajashika jembe. Lawama hupewa muuza mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa lolote. Kilichoua mche ni joto, tena joto la ndani ya nyumba ulimofichwa ili usiunguzwe na jua.

Kisenge iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwenye reli iendayo Dilolo na mpaka wa Angola. Mvua hukatika Aprili au Mei na kurudi Oktoba. Katikati kuna vipindi viwili ambavyo mlea miche hatakiwi kuvichanganya. Juni na Julai mbingu ni wazi, usiku ni baridi kali, na mche wa nyanya au pilipili ukiachwa nje hudumaa na kugeuka manjano. Kuanzia mwishoni mwa Agosti mambo hugeuka. Nyasi za miombo zimeshachomwa, hewa ni kavu, moshi na vumbi vimetanda, na mchana joto hupita nyuzi 30 kwa wiki nyingi mfululizo. Ndicho kipindi hasa ambacho kila mtu anataka miche, ili apande mvua zikianza na auze wakati nyanya ni chache sokoni Kolwezi, mji ambao bado unangoja sehemu kubwa ya chakula chake kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa.

Basi watu huotesha ndani. Sababu zao ni za haki: kuku, mbuzi, jua la saa saba. Wanaweka udongo katika bidoni lililopasuliwa ubavu au sanduku la mbao, wanamwaga mbegu, na wanaliweka juu ya kabati au chini ya dirisha. Baada ya wiki moja miche imesimama mirefu, myembamba, myeupe, imeinamia upande mmoja. Wiki ya pili inaanza kulala.

Mama mmoja mlima bustani wa Kisenge aliwahi kuniuliza: “Papa, niko namwangia maji asubui na mangaribi, lakini iko inaanguka tu. Nifanye nini?” Nilimwomba anionyeshe sanduku. Udongo ulikuwa umelowa chepechepe, na chumba kilikuwa cha matofali ya kuchoma na paa la mabati yaliyoshika kutu. Swali lake ndilo limezaa makala ya leo.

Tuanze na mche wenyewe. Mwanga ukiuangukia, hutengeneza chakula kwa usanisinuru. Lakini upumuaji, yaani kazi ya kuchoma chakula hicho ili seli ziishi na kukua, haulali usiku wala mchana. Kwa kila nyuzi 10 joto linapopanda, upumuaji huongezeka kama maradufu. Usanisinuru haufanyi hivyo pale mwanga unapokuwa hafifu. Hata ukiongeza joto, chakula hakiongezeki. Ndiyo hali ya mtu ambaye mshahara wake umebaki uleule na matumizi yake yamekuwa mara mbili. Mche ulioko gizani kwenye chumba cha moto unakula akiba yake. Na kwa kuwa umeumbwa hivyo, ukikosa mwanga hurefusha shina ukidhani bado uko chini ya udongo au chini ya majani ya wenzake. Joto huharakisha urefushaji huo. Hapo ndipo linapotoka lile shina la mfano wa uzi.

Na chumba kina giza kuliko macho yanavyotuambia. Jua la adhuhuri nje hufikia mwanga wa lux 100,000. Mita mbili ndani ya chumba chenye dirisha dogo, mara nyingi hazibaki hata 1,000. Jicho la mtu huzoea haraka na kuona chumba kina mwanga wa kutosha, lakini jani halizoei namna hiyo.

Upande wa joto ni kinyume. Bati lililochakaa hunyonya jua na kulimwaga ndani, na hewa ya moto hupanda, kwa hiyo juu ya kabati ndiko mahali pa moto kuliko pote. Ukuta wa matofali nao huhifadhi joto la alasiri na kulirudisha chumbani taratibu baada ya jua kuzama. Nje, chini ya mbingu kavu ya Septemba, hewa inapoa upesi. Ndani mche unaendelea kupumua kwa nguvu hadi usiku mkubwa, bila hata chembe ya mwanga. Mtu aliyeukimbiza mche jua ameuondolea mwanga na kuuachia joto. Hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo. Kazi yetu ni kinyume chake: kupunguza joto huku mwanga ukibaki.

Sasa maji. Mche ulioinama unaonekana una kiu, na mkono wa mlezi huenda kwenye ndoo. Ng’oa mche mmoja ulioanguka, uusafishe, utazame shingo yake, pale shina linapoingia udongoni. Ikiwa pameoza, pamelainika na kuwa na rangi ya maji machafu, na miche ya jirani nayo inaanguka kama duara linalopanuka, huo ni ugonjwa wa kuoza shingo. Unaletwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, na mojawapo, Pythium aphanidermatum, hustawi zaidi pale joto linapopita nyuzi 30 na udongo umelowa. Kila ndoo unayoongeza inavilisha. Lakini ikiwa shingo ni kavu, imebonyea na kupauka upande mmoja, na udongo wa juu ni mkavu, basi umeunguzwa. Udongo mtupu wa rangi ya giza ukipigwa na jua kali, uso wake hupita nyuzi 50, na shina changa haliwezi kustahimili hapo. Maradhi mawili, dawa mbili tofauti. Wa kwanza unataka hewa na ukavu kidogo. Wa pili unataka udongo wake ufunikwe kwa tabaka jembamba la mchanga mweupe au nyasi kavu zilizokatwakatwa.

Kwa hiyo kipimajoto, ukikipata, usikitundike ukutani. Kichomeke udongoni kwa kina cha mbegu, saa nane mchana na tena saa mbili usiku. Mbegu ya nyanya na ya pilipili huota vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Ikifika 35 nyingi hukataa. Saladi hugoma mapema zaidi, karibu nyuzi 30. Kabichi huota hata kwenye joto, lakini mche wake hupenda nyuzi 15 hadi 20, na ndiyo maana nawashauri wa Kisenge waoteshe kabichi Mei na Juni, wasihangaike nayo Septemba. Vile vifuko vyeusi vya nailoni tunavyovipenda ni hatari ya pekee: ubavu unaotazama jua hupita nyuzi 40, na mizizi ya upande huo hufa. Vipange vishikane, na vile vya pembeni uvikinge kwa ubao, matofali au udongo.

Hapa Kisenge kuna jambo jingine ambalo vitabu vya bustani havilitaji, nalo ni manganizi. Mji huu ulizaliwa na machimbo yake, na madini hayo yalikuwa yakishuka kwa reli hadi bandari ya Lobito mpaka vita vya Angola vilipoikata njia mwaka 1975. Mmea unahitaji manganizi, ila kwa kiasi kidogo sana. Katika udongo wenye hewa hukaa katika hali isiyoyeyuka, na mzizi hauigusi sana. Ukiujaza maji udongo wenye asidi, tena kwenye joto, vijidudu vya udongoni humaliza hewa yote, na manganizi hugeuka kuwa ya kuyeyuka. Mzizi huinywa kupita kiasi. Majani ya chini hutokewa na madoa ya kahawia, majani machanga hujikunja. Kwa hiyo ule mchanga mweusi wa karibu na machimbo haufai kwa sanduku la miche kwa sababu mbili: una manganizi tele, na weusi wake hunyonya jua. Wenzetu wa Kolwezi wana shaba na kobalti za kuogopa kwa namna hiyohiyo. Udongo mzuri tunao karibu: udongo wa kichuguu, ambao mara nyingi una chokaa zaidi na asidi kidogo kuliko ardhi inayouzunguka, ukiuponda vizuri na kuuchanganya na mboji ya majani ya msitu na mchanga wa mtoni ili usigande.

Mahali pa kuweka sanduku ni baraza inayotazama mashariki. Kwa latitudo yetu, kama nyuzi 11 kusini ya ikweta, jua hupita utosini karibu na wiki ya tatu ya Oktoba, kwa hiyo adhuhuri paa la baraza hutoa kivuli bila taabu, na asubuhi miche hupata jua la moja kwa moja. Baraza ya magharibi ni tanuri; usiijaribu. Kama huna baraza, jenga kichanja nje, kimo cha kiuno ili kuku wasifike, ukiezeke nyasi chache au neti ya kivuli inayozuia nusu ya jua, si zaidi. Ukisimama chini yake adhuhuri uone kivuli chako hafifu bado kipo. Kisipoonekana kabisa, umeezeka mno.

Asubuhi ndiyo saa ya thamani. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, wakiongozwa na Royal Heins na John Erwin, walionyesha kwamba urefu wa shina hufuata tofauti kati ya joto la mchana na la usiku, na kwamba mche hurefuka zaidi saa za kwanza za mwanga. Ukiupoza saa hizo mbili tatu, shina hubaki fupi na nene. Wao walitumia mitambo kupoza mabanda ya vioo. Sisi tuna hewa ya alfajiri ya Septemba bure. Miche iwe nje kabla jua halijachomoza na ibaki pale mpaka saa tatu, ipate mwanga na ubaridi kwa pamoja. Anayelala na miche ndani na kuitoa saa nne, wakati jua limekwisha kuwa kali, amekosa yote mawili.

Kwa mchana, tumia ukavu wa hewa. Lita moja ya maji ikikauka hubeba joto la jouli milioni 2.4, sawa na joto ambalo balbu ya wati 100 hulitoa kwa karibu saa saba. Tundika gunia la juti lililoloweshwa upande unakotoka upepo, lisiguse miche, ulirudishie maji kila linapokauka. Loweka pia sakafu, lakini majani yaache makavu. Mbinu hii hufanya kazi hadi mvua zianze. Novemba hewa ikishajaa unyevu, gunia halipozi tena na hualika ukungu tu, hivyo liondolewe.

Niseme kidogo juu ya taa, maana nimesikia vijana wa Kolwezi wakipanga kulea miche chumbani kwa umeme. Mji ule una vituo vya umeme wa maji vya Nzilo na Nseke jirani, na tangu 1982 unapokea umeme wa Inga kwa waya wa kilomita zipatazo 1,700, lakini mtu wa mtaani anajua jinsi unavyokatika. Hata usipokatika, karibu kila wati inayoingia kwenye taa mwishowe huwa joto la chumba. Taa za LED hupunguza hasara kwa kuwa hutoa mwanga mwingi kwa wati chache, ila bila tundu la kuingiza hewa chini na jingine la kuitoa juu, chumba kitapanda moto. Anayeziwasha aziwashe usiku na alfajiri, mchana wa joto azizime. Kwangu mimi, hapa petu penye jua la kupindukia, fedha hiyo ingenunua neti na mbegu bora. Aina za nyanya kama Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa Tanzania mwaka 1997, zimekuwa msaada mkubwa kwa wakulima wa Afrika Mashariki na zinafaa kujaribiwa huku.

Mche ukishapata majani halisi manne hadi sita, wiki ya nne au ya tano, umekaribia kuhama. Siku kumi kabla ya hapo anza kupunguza kivuli: saa moja ya ziada ya jua leo, mbili kesho kutwa, hadi usimame wazi mchana kutwa. Punguza maji pia, ila usiuache unyauke hadi asubuhi. Jani litakuwa zito, la kijani kilichokolea, na shina litageuka zambarau kidogo. Hiyo ni dalili njema. Hamisha saa kumi na moja jioni, ardhi ikiwa imeanza kupoa, ili mizizi ipate usiku mzima kabla ya jua lake la kwanza shambani. Sehemu ya Nne itahusu shimo la kupandia na samadi yake.