Unalea Watoi Daycare na Hauna Karatasi? Chanuka Kabla Ulipe Karo

Saa kumi na mbili asubuhi, Mukuru. Mathe anakimbilia kibarua Industrial Area, mtoi mgongoni, chupa ya uji kwa mkono. Anakuachia huyo mtoto hadi jioni. Hajakuuliza ulisomea wapi. Anajua tu wewe ndio unalea watoi wa ploti.

Wengi waliingia hii job hivyo. Ulimaliza form four, doh ya chuo ikakosekana, auntie akakuambia umsaidie "kidogo." Miaka minne imeisha, bado uko. Siku unajaribu kuomba kazi kwa shule, swali la kwanza ni moja: cheti kiko wapi?

Sasa hapa ndio watu hupigwa. Kulea mtoi wa miezi nane na kufunza PP1 ama PP2 ni njia mbili tofauti, na kila njia iko na makaratasi yake. Ukilipia kozi bila kujua unaenda wapi, hiyo ganji umeitupa.

Tuanze na ualimu. Ukitaka kufunza watoto wa miaka 4 na 5, diploma ya sai inachukua miaka 3, mtihani unatoka KNEC, na wanataka C plain kwa KCSE. Ukimaliza unajisajili na TSC, juu sheria ya 2012 inasema hakuna kufunza bila usajili. Lakini mshahara hautoki TSC. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto chini ya kaunti. Kwa hivyo usikae ukingoja tangazo la TSC. Angalia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti yako.

Na wewe wa daycare? Nairobi iko na sheria yake ya vituo vya kulea watoto tangu 2017, na leseni ni ya kaunti. Hiyo leseni inahusu kituo, ujuzi wako ni hadithi nyingine. Kama umejifunzia kazini, uliza kuhusu RPL, yaani kutambuliwa kwa ujuzi ulio nao tayari. Serikali ilizindua sera yake 2024, na KNQA ndio wasimamizi. Hapo haurudi darasani kuanza moja. Unapeleka ushahidi wa kazi yako, mtathmini anakupima kwa maswali na vitendo, ukipita unapewa cheti. Kabla ulipe chochote, hakikisha kituo cha upimaji kimeidhinishwa na kinapima kazi ya malezi, si ufundi wa bomba na ushonaji peke yake.

Ushahidi ni nini? Counter book ya mahudhurio. Menu ya wiki. Vyeti vya mafunzo mafupi, kwa mfano huduma ya kwanza. Kuna mashirika kama Kidogo, walianza 2014, kazi yao ni kufunza kina mama wanaoendesha daycare mtaani. Ongeza barua za wazazi, na cheti cha tabia njema cha DCI. Hicho unaomba kwa eCitizen, 1,050, halafu unaenda kupigwa alama za vidole. Picha za watoto usipige ovyo, mzazi akubali kwanza.

Lakini karatasi bila ujuzi ni noma, na mimi hapa sicheki na mtu. Mtoi wa chini ya mwaka amesakamwa na kipande cha ndizi, hawezi kulia wala kukohoa. Utafanya nini? Wengi huingiza kidole kwa koo, na hiyo inaweza kusukuma kile kitu ndani zaidi. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, umshike taya. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Ikikataa, mgeuze, bonyeza kifua mara 5 kwa vidole viwili. Rudia, na mtu mwingine awe anaita usaidizi. Jifunze na mwalimu, kwa mwanasesere, kabla siku yenyewe ifike. Na mtoi mchanga analala chali kila wakati, hata kama nyanya yake amekuambia tumbo ndio tamu.

Turudi kwa karo. Beshte yangu mmoja alilipa mihula miwili kwa chuo kilichokuwa juu ya duka la hardware. Siku ya kusajiliwa mtihani, ikawa hicho chuo hakitambuliki popote. Doh haikurudi. Kwa hivyo chuo cha ualimu waulize nambari yao ya kituo cha KNEC. Chuo cha ufundi waulize leseni ya TVETA, halafu thibitisha mwenyewe na hizo ofisi. Wakianza kukasirika juu umeuliza, chukua begi uende.

Hizo barua za wazazi usingoje siku ya kupimwa. Wasee wa ploti huhama mwisho wa mwezi bila kuaga. Ukiona mathe ameanza kufunga vyombo kwa shuka, mwendee na kalamu na karatasi kabla mkokoteni ufike.