UZI: Treni, matatu na swali la Susu. Safari moja ya tao, nani anawajibika?

1/ Mjadala wowote wa kisiasa kuhusu Nairobi haukosi ahadi mbili. Ya kwanza: treni za kisasa. Ya pili: kuondoa matatu katikati ya jiji. Watu wanapiga makofi, klipu inasambaa, kesho tunaendelea kulala kwa jam. Leo tuzipime hizo ahadi kwa mtu wa kawaida anayetaka tu kuingia tao asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukija na jina kwa comments, nitakupita.

2/ Mtu huyo ni nyanya yangu. Sisi tunamwita Susu, watu wa Machakos mnaelewa. Alikuja kukaa nasi Syokimau wiki moja, akasema kitu kimoja tu anataka: kuona jumba la makumbusho la reli. Babake alifanya kazi ya reli huko Ukambani, na Susu alikua akisikia hadithi za garimoshi kila jioni. Ana zaidi ya miaka sabini na goti moja halimtii. Nikamwambia, Susu, Jumanne twende.

3/ Asubuhi ilikuwa tamu. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012, ina maegesho na jukwaa ambalo mzee anaweza kupanda bila kusukumwa. Saa moja hivi tuko ndani, tumeketi. Imara Daima, Makadara, halafu stesheni kuu ya Nairobi. Wakati huo kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu kilikuwa kinalia kuhusu Mombasa Road. Susu akauliza, "Kwa nini hawa wote hawapandi hii?" Shikilia hilo swali.

4/ Kutoka stesheni mpaka makumbusho ni mwendo mfupi kwa miguu. Susu alisimama sana mbele ya behewa ambalo afisa wa polisi aitwaye Ryall alivutwa na simba pale Kima, 1900. Kima ni kwao. Akaniambia hadithi hiyo kabla sijasoma kibao. Ukiwa na mgeni na pesa kidogo, mpeleke huko. Hata Nairobi yenyewe imezaliwa na reli: reli ilifika hapa 1899, ikakuta kinamasi, jiji likafuata.

5/ Saa nane mchana Susu amechoka, mvua inatisha. Turudi. Treni ya kwetu inayofuata? Jioni. Treni za abiria wa mitaani zimepangwa kwa mtu wa ofisi: zinaleta watu asubuhi, zinawarudisha jioni. Mgonjwa anayetoka kliniki saa sita, mama anayetoka sokoni, mwanafunzi wa darasa la asubuhi, hao ratiba haijawaona.

6/ Basi tukatafuta matatu. Kutoka stesheni mpaka steji ya kwetu ni kupita kwa mikokoteni, maji, boda na watu. Mvua ikashuka kabisa. Asubuhi makanga walikuwa wanaita mia, sasa wanaita mia mbili. Susu, amelowa, akageuka akaangalia upande wa stesheni akasema, "Treni imelala pale, sisi tunanyeshewa hapa. Mwenye hii kitu ni nani?"

7/ Manze, nasoma sayansi ya siasa na sikuwa na jibu la sentensi moja. Uzi huu ndio jibu nililomtafutia.

8/ Tuanze na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi zimegawanywa. Serikali ya kitaifa imepewa reli na barabara kuu za kitaifa. Kaunti imepewa barabara za kaunti, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hivyo treni ya Susu ni ya serikali moja, na steji aliyonyeshewa ni ya serikali nyingine.

9/ Ongeza hili: Syokimau iko Kaunti ya Machakos. Tulipanda kaunti moja tukashuka kaunti nyingine, ndani ya treni ya serikali ya kitaifa. Matatu tuliyorudi nayo ina leseni ya NTSA, ambayo ni ya kitaifa, inatumia steji ya kaunti, na inamilikiwa na mtu binafsi chini ya sacco. Hesabu. Safari ya siku moja, serikali tatu na sacco moja. Hakuna hata mmoja aliyekosea sheria, na bado Susu amelowa.

10/ Na nauli? Watu wengi hudhani kuna ofisi inayopanga nauli ya matatu. Hakuna. Wenye magari na sacco ndio wanaamua, ndiyo maana mvua ikinyesha bei inapanda papo hapo. Mwanasiasa akikuahidi "nitashusha nauli", muulize kwa sheria gani, na kama ako tayari kulipia tofauti kutoka kwa bajeti.

11/ Sasa ahadi ya kwanza, treni zaidi. Wanaounga mkono wana hoja nzito: treni moja inabeba watu wa matatu nyingi na haijui jam. Wanaopinga nao wana hoja: treni ya mchana ikitembea nusu tupu, mafuta na mishahara bado inalipwa. Tena reli hii ya zamani kwa sehemu kubwa ni njia moja tu, treni mbili zinapishana stesheni. Kuongeza safari si kununua mabehewa peke yake, ni kujenga njia za kupishania na kurekebisha ishara.

12/ Kwa hivyo mjadala wa kweli si "treni ni nzuri ama mbaya". Ni huu: je, tuko tayari kulipa ushuru ili treni ya saa nane itembee hata kama haijajaa, kwa sababu ya watu kama Susu? Mtu anaweza kusema ndiyo, mwingine akasema hapana, hospitali kwanza. Hilo ndilo swali la siasa. Picha ya treni inayong'aa kwa bango la kampeni hailijibu.

13/ Ahadi ya pili, kutoa matatu tao. Hii imejaribiwa. Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji Nairobi. Maelfu walitembea kutoka zilikoachwa, wengine na watoto mgongoni, wengine na magongo. Marufuku hayo hayakumaliza wiki. Si kwamba wazo la kupunguza magari katikati ya jiji ni la kijinga, miji mingi hufanya hivyo. Shida ni kwamba tulifunga mlango wa zamani kabla ya kufungua mpya.

14/ Na usisahau kwa nini matatu ziko. Zilijaza pengo. Mabasi rasmi hayakufika mitaani, zikafika zao. Mwaka wa 1973 amri ya rais iliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum, na kutoka hapo zikawa uti wa mgongo. Ukitaka kuzisogeza, lazima useme nani atafanya kazi yake saa nane mchana, mvua ikinyesha, na mzee mwenye goti bovu.

15/ "Lakini serikali hizi si zishirikiane?" Zinaruhusiwa. Kifungu cha 189 cha Katiba kinasema zishirikiane na kinaruhusu mamlaka za pamoja. Ndiyo maana 2017 iliundwa NaMATA, ya usafiri wa eneo la jiji kuu: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Hata 2020 Nairobi ilihamishia serikali ya kitaifa kazi zake kadhaa, usafiri ukiwemo, kwa mkataba wa muda. Kwa hivyo tatizo si ukosefu wa sheria. Kwa maoni yangu tatizo ni kwamba hakuna kura za kuvuna kwenye kiungo.

16/ Kiungo ni nini? Ni pale treni inapoishia na matatu inapoanza. Kile kipande cha kutembea. Paa la kujikinga. Ratiba inayojua kuna watu mchana. Tikiti moja inayotumika kote. Barabara kuu inazinduliwa kwa utepe na hotuba, lakini hakuna anayekata utepe wa njia ya miguu yenye paa. Na hapo ndipo Susu alipolowa.

17/ Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya usafiri, muulize manne:
– Hii kazi ni ya ofisi unayotafuta, ama ni ya serikali nyingine?
– Treni ama basi yako itatembea saa ngapi, na mchana je?
– Nani atalipia kama haijajaa?
– Nikishuka, natembea wapi kufika gari la pili, na mtu wa kiti cha magurudumu atapita?
Akijibu mawili vizuri, ameshinda wengi.

18/ Na kama unataka kufanya hii safari na wazee wako, ifanye. Nenda siku ya kazi asubuhi. Uliza ratiba ya kurudi kabla hujalipa ya kwenda, hilo ndilo kosa langu. Panga siku yako iishe na treni ya jioni ama uweke pesa ya matatu mara mbili ya asubuhi. Beba mwavuli hata jua likiwaka. Na ulizia nauli kabla ya kukanyaga ngazi.

19/ Susu alirudi nyumbani Machakos Ijumaa. Nilimpigia nikamsomea hii yote, kaunti, kitaifa, sacco, Jedwali la Nne. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo wenyewe ni wengi. Ng'ombe wa wengi hufa kiu." Halafu akauliza kama mwezi ujao kuna treni ya mchana.

Mwisho wa uzi. Kwako ni treni gani, ama matatu gani, na inakuacha wapi? Niambie.