Kipepeo Anayewachagulia Wanawe Dawa

Msomaji mmoja aliyehamia Houston, Texas, ametuandikia kuhusu vipepeo anaowalea na wanawe barazani. Ni wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi, monaki, ambao Desemba 2024 idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani ilipendekeza waingizwe katika orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Mtaani kwake watu wamenunua vizimba vya wavu, naye akanunua, akapanda na maua ya kuwalisha. Mwanzo wa kiangazi vipepeo waliruka wote. Kufikia Septemba wanatoka na mbawa zilizokunjamana zisizofunguka, na wengine wanakwama nusu ndani nusu nje mpaka wanakufa. Anauliza ni dawa gani apulize.

Hakuna dawa ya kupuliza. Dawa ipo, lakini inakopatikana ni mahali pa ajabu, na kwa ajili hiyo nimelichukua swali lake.

Hatua nne za maisha ya kipepeo naziruka. Mtoto wa shule ya msingi anazijua. Nisichoweza kuruka ni jina la hatua ya tatu, ile ya kuning'inia bila kula. Vitabu vyetu vinaiita pupa, neno ambalo tayari lina kazi yake: mtu hula kwa pupa, hujibu kwa pupa. Mdudu aliyetulia siku kumi au zaidi, hata kutikisika ni kwa nadra, aitwe pupa kwa kosa gani? Kifukofuko nacho ni kile kinachofumwa kwa hariri na nondo, na monaki hajifungi hariri, hubaki na ganda lake la kijani lenye vitone vya dhahabu. Mimi nitasema kining'inio. Wafugaji wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao tangu 1993 wanalea vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede na kuuza vining'inio ng'ambo, wana haki kuliko mimi ya kuamua. Mpaka waamue, mhariri aniachie.

Ugonjwa wa Houston, kwa dalili hizo, karibu bila shaka ni kimelea cha seli moja kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, ambacho wafugaji wamekifupisha kuwa OE. Kilionekana mara ya kwanza Florida katika miaka ya 1960.

Ili uelewe kinavyosambaa, mfikirie mtoto aliyetumwa mashine ya kusaga mahindi. Anarudi na nyusi nyeupe na shati jeupe. Unga ule haumdhuru, wala hauongezeki juu yake, umelala tu. Lakini akifungua mlango, kitasa kina unga. Akimpakata mdogo wake, shavu la mtoto lina unga. Akiinuka kwenye kochi, umbo lake limebaki pale. Basi jike wa monaki aliyeambukizwa ndiye mtoto huyo. Kati ya magamba ya tumbo lake kuna spora, pengine zaidi ya milioni moja, za kahawia, zenye umbo la limau, ndogo mno kuonekana bila hadubini. Anapolipinda tumbo ili atage, zinadondoka juu ya yai na juu ya jani. Akikutana na dume, dume naye anaondoka na sehemu yake. Kiwavi akianguliwa, chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe, yaani anaanza maisha kwa kulamba kitasa.

Hapa mfano wangu unaanza kuchechemea, maana unga ukiliwa mambo yanaishia tumboni. Spora ikiliwa hupasuka ndani ya utumbo, na vijidudu vilivyomo vinapenya ukuta wa utumbo kwenda kukaa chini ya ngozi, ambako vinagawanyika na kugawanyika tena. Spora moja tu inatosha kuanzisha haya yote. Kiwavi kwa kawaida haonyeshi lolote. Anakula, ananenepa, anajining'iniza. Siku kama tatu kabla ya kipepeo kutoka ndipo spora mpya zinapoundwa, na mwenye jicho kali ataona madoa meusi yasiyolingana upande kwa upande kwenye kining'inio. Kipepeo anatoka akiwa ametapakaa unga uliosagwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Akiwa na mzigo mkubwa, ngozi yake imeharibika kiasi cha kushindwa kujitoa ganda, na hao ndio wanaokwama. Akiwa na mzigo mdogo anaruka vizuri, anakwenda kutaga, na hapo ndipo msomaji wetu alipoanza kupoteza vipepeo bila kujua: wa Juni waliopendeza ndio waliowapaka wa Septemba.

Kuna maradhi mengine, virusi na bakteria wanaomgeuza kiwavi kuwa ute mweusi, na inzi ambao funza wao hula kiwavi kwa ndani kisha huteremka kwa uzi mweupe. Na binamu wa monaki tunaowaona Nairobi na Kampala, Danaus chrysippus, wana bakteria aina ya Spiroplasma anayeua wanaume wakiwa bado ndani ya mayai, akabakiza mabinti watupu; huyo anarithiwa kutoka kwa mama ndani ya yai lenyewe, hakuna kuosha kunakomfikia. Kila kimoja kina makala yake.

OE, kwa kuwa imekaa nje ya yai, inaosheka. Lea viwavi wachache, kila mmoja na chombo chake au wawili watatu kwa chombo, ondoa kinyesi kila siku, na kila kundi likimalizika loweka vyombo na wavu katika sehemu moja ya jiki kwa nne za maji, suuza, anika juani. Majani yaliyokatwa nje yaoshwe kabla ya kuingia. Kipepeo akitoka na mbawa zake zikakauka, mshike taratibu, bandika kipande cha selotepu inayopitisha mwanga tumboni mwake, kisha kiweke chini ya hadubini ya shule; spora utaziona zimetapakaa katikati ya magamba makubwa. Mwenye nyingi asiachiwe. Mtie ndani ya bahasha, bahasha ndani ya friza. Watoto watalia. Mweleze mkubwa wao kwamba jike mmoja mwenye spora anaweza kutaga mamia ya mayai.

Sasa niruhusuni nifike kwenye ninachokipenda.

Viwavi wa monaki hula mimea ya jamii moja tu, hasa ya jenasi Asclepias, yenye utomvu mweupe kama maziwa, tuiite asklepia. Utomvu huo una kadenolidi, ambazo ni ndugu wa sumu ambayo wawindaji wa Kigiriama na Kikamba walichemsha kutoka mti wa Acokanthera na kuipaka kwenye mishale. Kazi yake mwilini ni moja: inakaba pampu inayosukuma sodiamu nje ya seli, na moyo unasimama. Tembo amekwisha anguka kwa sumu ya namna hiyo. Monaki anaila tangu siku ya kwanza, kwa sababu pampu zake zimebadilika mahali pachache na sumu haizishiki vizuri. Mwaka 2019 watafiti waliweka mabadiliko matatu ya aina hiyo katika inzi wa matunda, na inzi hao wakavumilia sumu iliyokuwa ikiwaua wenzao.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba sumu hii ni ya kuwakimbiza ndege tu. Kisha Jaap de Roode, wa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, akaonyesha kwamba aina ya asklepia anayokula kiwavi inabadilisha ugonjwa wenyewe. Viwavi walioambukizwa wakilishwa Asclepias curassavica, ile ya maua mekundu na manjano iliyojaa kadenolidi, walitoka na spora chache na wakaishi muda mrefu zaidi kuliko waliolishwa Asclepias incarnata, ambayo ni hafifu kwa sumu. Jani chungu lilikuwa dawa.

Lakini nani anaandika cheti cha dawa? Kiwavi hawezi. Amezaliwa juu ya jani, jani hilo ndilo dunia yake, na hata akipewa nafasi ya kuchagua hachagui kwa ugonjwa wake. Mwaka 2010 Thierry Lefèvre, de Roode na wenzao walitoa majibu ya jaribio ambalo ningefurahi kuliona kwa macho. Waliwaweka majike penye mimea ya aina zote mbili, wakahesabu mayai. Majike wazima hawakubagua. Majike wenye OE walitaga zaidi kwenye mmea wa dawa.

Litafakari hilo polepole. Jike huyo mwenyewe haponi. Spora zake zimekwisha undwa zikiwa bado ndani ya kining'inio, na hakuna jani litakalozirudisha. Wala hali majani, anakunywa asali ya maua tu. Wanawe hatawaona, maana mayai yakianguliwa yeye yuko mbali au amekufa. Anatua, anaonja jani kwa miguu, na kwa namna fulani ugonjwa uliomo mwilini mwake unamsukuma kuacha mayai kwenye jani ambalo litawasaidia watoto dhidi ya unga anaowapaka yeye mwenyewe wakati uleule. Hajui anachofanya, na hahitaji kujua. Zamani walikuwapo majike wagonjwa waliopenda majani machungu na wengine ambao hawakujali, na wajukuu tulio nao leo ni wa wale wa kwanza.

Na curassavica ndiyo hasa inayouzwa katika bustani za miche za Texas. Naona msomaji wetu anatabasamu. Asiwahi.

Asili ya mmea huo ni tropiki za Amerika. Asklepia za kienyeji za Marekani hunyauka majira ya baridi yakiingia, na majani yenye spora yanaoza pamoja nazo. Curassavica, penye baridi haba kama Houston, hubaki na majani mwaka mzima, na vipepeo waliopaswa kuondoka wanabaki nayo wakiendelea kutaga juu ya majani yaleyale. Monaki wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini husafiri maelfu ya kilomita hadi misitu ya milimani ya Michoacán, Mexico, na safari hiyo inafunga mashine ya kusaga kwa miezi kadhaa: wasiobeba kitu wanafika, wenye mzigo mzito wengi wanaanguka njiani. Sonia Altizer wa Chuo Kikuu cha Georgia, ambaye mradi wake unakusanya selotepu kutoka kwa wananchi tangu 2006, amechora picha hiyo kwa takwimu. Kati ya wanaohama upande wa mashariki, walioambukizwa sana ni chini ya asilimia 10. Upande wa magharibi, ambako safari ni fupi, ni karibu asilimia 30. Kusini mwa Florida, ambako hawahami kabisa, ni zaidi ya asilimia 70. Baadhi ya kaunti za California zimekwisha piga marufuku kuuza curassavica.

Dawa hiyo, basi, inamsaidia kiwavi mmoja mmoja, lakini inaugeuza mtaa mzima kuwa wodi isiyofungwa. Mimi nisingeing'oa kwa hasira, kama wanavyohimizana wafugaji wengi wa huko. Ningeikata Oktoba, shina libaki sentimita 15 tu, na kila ikichipua kabla ya Februari niikate tena, ili vipepeo wa vuli wakose sababu ya kukaa. Kando yake ningepanda Asclepias viridis, ambayo ni ya Texas na inajua kunyauka yenyewe. Mbegu zake hutaka baridi kabla ya kuota: zifungwe katika karatasi yenye unyevu, zikae ndani ya friji mwezi mmoja au zaidi, kisha zipandwe.