Kukaguliwa si ubaguzi, kuchaguliwa ndiko

1/ Mjadala wa ubaguzi wa rangi madukani ukianza, hakosi mtu wa kusema: "Si duka ni lake? Ataruhusu amtakaye." Hebu tuipime hii hoja.

2/ Kukaguliwa mlangoni tumezoea, hasa tangu shambulio la Westgate, 2013. Wote wakikaguliwa, hakuna neno. Shida ni soja apekue begi la Mwafrika, halafu mzungu aliye nyuma yake apungiwe mkono apite. Ama Msomali akaguliwe mara mbili. Huo si usalama tena.

3/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 27(5), inamkataza mtu yeyote, si serikali pekee, kumbagua mwenzake kwa rangi, kabila, dini au hata mavazi. Mwenye duka yumo.

4/ Machi 2015, mkahawa mmoja Nairobi ulidaiwa kuwazuia Waafrika kuingia baada ya saa 11 jioni. Kelele zikapigwa, ukafungwa. Lakini mashtaka yakawa ya leseni! Ubaguzi wenyewe ukabaki mtandaoni.

5/ Kortini, anayedai ndiye huthibitisha. Kwa hivyo andika tarehe, saa, mlango, na nani alipitishwa bila kukaguliwa. Kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya haki hakutozwi ada.

6/ Soja usimtukane, huenda anafuata amri tu. Uliza amri ni ya nani. Na mwanasiasa akilaani jukwaani, muulize: kesi iko wapi?